Kusaga Chuma Kilichotiwa Matiko kwa Naitrojeni Kimiminika: Mwongozo wa Karakana

Bamba la dai ya kukatia bati linaweza kutoka kwenye mashine ya kusaga likiwa linang'aa, vipimo vyake sawasawa, na bado likawa limeharibika. Jicho halioni kitu. Chini ya uso, kwa unene wa mikroni kadhaa au makumi ya mikroni, joto la msuguano limeshalegeza matiko ya chuma. Mahali pengine limekipasha kupita kiasi hadi kikajitia matiko upya chenyewe, kikawa kikavu na chepesi kuvunjika. Dai inafungwa kwenye presi, inapiga kazi kwa muda, halafu kingo zinaanza kumeguka na nyufa nyembamba kujitokeza. Anayelaumiwa ni muuza chuma, au mwenye tanuri.

Mwongozo huu unahusu njia mojawapo ya kuzuia hasara hiyo: kupuliza kipozeo cha baridi kali mahali jiwe linapogusana na chuma. Mfano tutakaokwenda nao ni bamba la dai la chuma aina ya D2 lenye ugumu wa Rokweli C 60, urefu milimita 200, upana 100, unene 50, kwenye mashine ya kusaga uso bapa yenye meza ya sumaku. Anayesaga shafti au beringi za chuma cha 100Cr6 atabadilisha namna ya kufunga kazi. Mengine yote yanabaki yalivyo.

Kwanza tuiweke sawa dhana moja, kwa sababu wengi huingia kwenye jambo hili wakidhani ubaridi ndio nguvu yote. Lita moja ya maji, ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi ikageuka mvuke wote, hubeba takribani kilojuli 2,590. Lita moja ya naitrojeni kimiminika, ikichemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri kisha gesi yake ikapanda hadi nyuzi 20, hubeba kama kilojuli 340. Kwa lita, basi, maji yanaishinda naitrojeni zaidi ya mara saba. Shida ya maji iko mahali pale pale penye cheche. Joto la mgusano huweza kupita nyuzi 1,000, na maji yakifika hapo yanachemka ghafla, yanafanya utando wa mvuke, na utando huo unazuia maji mengine yasikiguse chuma. Kuanzia hapo ni kama unasaga kavu, hata kama bomba linamwaga.

Naitrojeni nayo hutengeneza utando wake wa gesi. Daktari wa Kijerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliieleza tabia hiyo mwaka 1756 kwa matone ya maji juu ya chuma cha moto. Lakini naitrojeni hufanya kazi yake kubwa kabla na baada ya mgusano. Inauteremsha uso wa chuma hadi chini ya sifuri kabla jiwe halijafika, hivyo joto la kusaga linaanza kupanda kutoka chini zaidi. Inaondoa joto mara jiwe linapopita. Inapoza punje za jiwe zikakaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, S. Paul na A. B. Chattopadhyay wa Taasisi ya Teknolojia ya India, Kharagpur, walichapisha majaribio yao ya kusaga vyuma vya aina mbalimbali kwa mpulizo wa naitrojeni kimiminika. Walionyesha kuwa ukitumika vizuri hupunguza joto, nguvu za kusaga, na ile mikazo ya kuvuta inayobaki ndani ya uso na kuzaa nyufa.

Neno la kushika hapo ni "ukitumika vizuri".

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lako ni joto

Jiwe butu likipulizwa naitrojeni linabaki kuwa jiwe butu. Kabla hujatafuta mtungi, fanya mambo matatu kwa kipozeo chako cha kawaida. Chonga jiwe upya kwa almasi. Punguza kina cha kila pasi hadi milimita 0.01. Sogeza nozeli ya maji iingie kwenye mgusano badala ya kumwagia kinga ya jiwe. Kwa uzoefu wangu, karakana nyingi zinazolalamikia chuma kuungua zingepona hapo, na fedha ya gesi ingebaki mfukoni.

Endelea na mwongozo huu ikiwa bado chuma kinaungua, au ikiwa kazi haitakiwi kuguswa na maji wala mafuta, au ikiwa chuma chenyewe kinaharibika kwa joto dogo. 100Cr6 ya beringi ni mfano mzuri wa hilo la mwisho. Baada ya kutiwa matiko, kwa kawaida hupashwa tena kwa nyuzi 150 hadi 200 tu, kwa hiyo joto lolote linalopita hapo linaanza kuupunguza ugumu. D2 huvumilia zaidi ikiwa ilipashwa tena kwa nyuzi 500, lakini ina karabaidi nyingi za kromu ambazo hulibutua jiwe la kawaida upesi, na jiwe butu ndilo tanuri.

Hatua ya 2: Uliza chuma kilipitia nini

Hatua hii hurukwa, na huko ndiko fundi anakojitengenezea matatizo mapya. Chuma chenye kaboni nyingi kikitiwa matiko, sehemu yake fulani haigeuki. Inabaki katika hali laini ya zamani iitwayo osteniti iliyobaki. Sehemu hiyo hutulia kwenye joto la kawaida, lakini ikipozwa chini sana ya sifuri inageuka kuwa martensiti mbichi, ngumu na kavu, na inaongezeka ukubwa. Ukipuliza naitrojeni juu ya bamba la namna hiyo unaweza kuwa unageuza tabaka la juu huku unalisaga. Vipimo vitakuchezea, na utaacha ngozi kavu mahali ulipotaka kuikwepa.

Dawa ni mpangilio wa kazi. Bamba litiwe matiko, lipozwe kwa baridi kali likiwa bado kwa mtaalamu wa joto, kisha lipashwe tena, na mwisho ndipo lije kusagwa. Muulize aliyelitia matiko kama alipitia hatua hiyo ya baridi. Akisema hapana, ama lirudi kwake, ama ulisage kwa kipozeo cha kawaida na ukubali kwenda taratibu.

Hatua ya 3: Chagua gesi

Zipo mbili za kufikiria. Naitrojeni kimiminika, ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo ngumu zaidi kuibeba. Ya pili ni hewa ukaa. Hukaa kimiminika ndani ya mtungi wa kawaida kwa shinikizo la baa 57 hivi ikiwa karakana ina nyuzi 20, na ikitoka kwenye nozeli hugeuka theluji kavu ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri.

Kwa karakana ya Afrika Mashariki ningeitazama hewa ukaa kwanza. Tanzania huivuna kutoka ardhini wilayani Rungwe, Mbeya, na Kenya kutoka Kereita, Lari, kwa ajili ya soda na matumizi mengine, kwa hiyo mitungi yake ipo mjini. Haihitaji bomba lenye kinga ya joto, kwa sababu ubaridi unazaliwa kwenye nozeli. Agiza mtungi wenye mrija wa ndani unaofika chini, la sivyo utapata gesi bila theluji. Na usibane mtiririko kwa vali ya katikati ya njia: theluji itafanyika humo humo na kuziba. Fungua vali ya mtungi yote, tundu dogo la kubana liwe kwenye nozeli.

Naitrojeni kimiminika nayo haiko mbali kama watu wanavyodhani. Kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, na kile cha rasilimali za kijenetiki za mifugo cha Kabete, Nairobi, huizalisha kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe, na viwanda vya gesi huiuza kwa hospitali na maabara. Ila kuna tahadhari moja ambayo fundi wa kwetu lazima aisikie mapema. Mtungi wa mhimilishaji, ule wenye shingo nyembamba na kifuniko kinachochezacheza, umetengenezwa kupumua. Haujatengenezwa kubeba shinikizo. Usiuzibe, usiuunganishe na kompresa ili "kusukuma" naitrojeni itoke. Utapasuka. Kwa kusaga unahitaji mtungi wa kuta mbili uliotengenezwa kutoa kimiminika kwa shinikizo dogo, lisilozidi baa 1.5 hivi, wenye kipimo na vali zake za usalama.

Kuanzia hapa nazungumzia naitrojeni. Panapotofautiana na hewa ukaa nitasema.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya hewa ya chumba

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia.

Lita moja ya naitrojeni kimiminika hugeuka lita 700 hivi za gesi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo hiyo, kwa hiyo mwili hauna namna ya kuishtukia. Inachofanya ni kuisukuma oksijeni itoke. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, na chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa eneo la hatari. Mtu akiingia mahali palipokaribia kuishiwa oksijeni, pumzi mbili zinatosha kumwangusha, bila kuhisi kukabwa.

Chukua karakana ya mita 6 kwa 5, urefu wa dari mita 3. Hiyo ni mita za ujazo 90. Ukipuliza nusu lita kwa dakika kwa saa nzima utakuwa umetoa lita 30, yaani mita za ujazo 21 za gesi. Milango ikiwa imefungwa, oksijeni itashuka hadi asilimia 16 hivi. Na mtungi mkubwa wa lita 160 ukimwagika wote ni mita za ujazo 112 za gesi, zaidi ya chumba chenyewe.

Kwa hiyo: feni ya kunyonya hewa itoe nje, na mdomo wake uwe chini, kwa sababu naitrojeni baridi ni nzito na hutambaa sakafuni. Kihisi cha oksijeni kiwe kimewashwa mahali pa kupumulia, na kingine karibu na sakafu ikiwa kuna shimo la gari au mfereji. Vyote vitegwe vilie oksijeni ikishuka hadi asilimia 19.5. Anayetumia hewa ukaa ajue kuwa kihisi cha oksijeni hakimtoshi. Gesi hiyo ni sumu yenyewe. Kikomo cha kazi ya siku nzima ni asilimia 0.5, na kwenye asilimia 4 maisha yako hatarini wakati oksijeni bado inaonekana nyingi. Atafute kihisi cha hewa ukaa chenyewe.

Mwenzako akianguka, usikimbilie ndani kumvuta. Mnamo tarehe 28 Januari 2021, katika kiwanda cha kuku huko Gainesville, Georgia, Marekani, naitrojeni kimiminika ilivuja kwenye mashine ya kugandisha. Watu 6 walikufa, na wengine walidhurika walipoingia kuangalia kilichotokea. Funga gesi kutoka nje, fungua milango, ita msaada wa watu wenye mitungi ya kupumulia.

Hatua ya 5: Vaa

Ngao ya uso mzima juu ya miwani. Glavu maalumu za baridi, zilizolegea ili uweze kuzikung'uta zikiingiwa. Suruali ipite nje ya buti, isichomekwe ndani. Pete na saa vua.

Tone moja likirukia ngozi kavu mara nyingi huteleza lenyewe. Linalochoma ni lile linalonaswa kwenye nguo, au bomba la chuma lenye ubaridi ukilishika kwa mkono mtupu: ngozi hugandana nalo. Aliyeungua kwa baridi aloweshwe sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 40, kisha aende hospitali. Asisuguliwe, asiwekwe karibu na moto.

Hatua ya 6: Jenga njia ya gesi

Tumia bomba nyumbufu la chuma kisichoshika kutu, lenye kinga ya joto, fupi kadiri mashine inavyoruhusu. Shaba, shaba nyeupe na alumini pia hustahimili. Mpira wa kawaida unakuwa mgumu na kupasuka vipande. Bomba la chuma cha kawaida nalo hupoteza unyumbufu wake kwenye baridi hiyo na linaweza kuvunjika kwa pigo dogo.

Kila kipande cha njia kinachoweza kufungwa kati ya vali mbili lazima kiwe na vali yake ya usalama. Sababu ni ile ile ya lita 700: kimiminika kilichofungiwa kitachemka, na hakuna bomba la karakana litakaloizuia gesi yake.

Bomba lisilo na kinga lina hatari nyingine isiyojulikana sana. Oksijeni hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, yaani kabla ya naitrojeni, kwa hiyo hewa inayogusa bomba tupu inaweza kugeuka kimiminika na kudondoka ikiwa imesheheni oksijeni. Fikiria chini ya tone hilo pana sakafu yenye mafuta ya mashine, na juu yake cheche za kusaga. Safisha mafuta kabla ya kazi na ufunike bomba lote.

Nozeli iwe na tundu la milimita 1 hadi 2. Ifunge kwenye mkono imara usiotikisika, ncha yake ikae sentimita 1 au 2 kutoka kwenye mgusano, ikielekezwa pale pale jiwe linapoingia kwenye chuma. Jiwe la kipenyo cha milimita 200 likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 30 kwa sekunde, na linaburuta ukanda wa hewa unaoitupa gesi pembeni. Funga kibati chembamba karibu na uso wa jiwe, juu kidogo ya nozeli, kikate huo upepo. Bila kibati hicho, sehemu kubwa ya naitrojeni yako itakuwa inapoza ukuta.

Kama mashine yako inaruhusu nozeli ya pili, ielekeze nyuma ya mgusano, kwenye uso uliotoka kusagwa.

Hatua ya 7: Jiwe

Usitumie jiwe lililokuwa likifanya kazi na maji. Mawe ya kauri yana vitundu, na vitundu hunyonya. Maji yaliyomo yakiganda yanatanuka, na jiwe linalozunguka likiwa na ufa linaua. Njia nzuri ni kuwa na jiwe la pili kwenye kishikio chake, kavu siku zote, la kazi ya naitrojeni tu. Ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa plastiki kabla ya kulifunga. Likilia kwa mlio safi ni zima, likitoa sauti ya kufa litupe. Kisha liache lizunguke peke yake kwa dakika kadhaa, kinga ikiwa imefungwa, nawe umesimama pembeni.

Kwa D2 ya Rokweli 60, oksidi nyeupe ya alumini ya punje 46 au 60, daraja laini kama H au G, muundo wazi, inatosha kuanzia. Jiwe la CBN, yaani la naitridi ya boroni, ni bora kwa mbali kama mfuko unaruhusu. Punje zake hubaki na makali juu ya karabaidi, na zinapitisha joto vizuri kiasi kwamba sehemu kubwa zaidi inaondoka kupitia jiwe badala ya kuzama kwenye chuma. Mtu akiniuliza anunue kipi kwanza kati ya jiwe la CBN na mtungi wa naitrojeni, nitamwambia CBN, bila kusita.

Usipulize naitrojeni kwenye jiwe lililosimama. Litapoa upande mmoja, na upande mmoja kupoa ni mkazo na mtikisiko.

Hatua ya 8: Pasi za mwanzo kwa njia ya kawaida

Naitrojeni ni ya mwisho wa kazi. Ondoa nyama kubwa kwa kipozeo cha maji na jiwe lako la kawaida, ukiacha milimita 0.05 hivi kwa kumalizia. Lakini kiasi hicho kinatosha tu ikiwa pasi za mwanzo hazikuunguza kwa kina zaidi ya hapo. Ukiona rangi ya majani makavu au buluu wakati wa kupunguza nyama, simama, chonga jiwe, na uongeze akiba ya kumalizia.

Kisha futa bamba na meza ya sumaku vikauke kabisa. Maji yaliyosalia chini ya bamba yataganda na kulinyanyua.

Hatua ya 9: Poza njia, kisha saga

Fungua vali kidogo kidogo. Mwanzoni nozeli itatema gesi tupu kwa vishindo, kwa sababu bomba lenyewe lina joto na naitrojeni inachemkia humo. Subiri dakika chache hadi mpulizo utulie na uwe mweupe, mwembamba, usiokatika. Anayeanza kusaga kabla ya hapo anasaga kavu kwa bei ya naitrojeni.

Jiwe lizunguke kwanza, gesi ifuate, mgusano uwe wa mwisho. Weka meza kwenye mita 15 kwa dakika, hatua ya pembeni milimita 3, kina milimita 0.01. Kwa makadirio ya kawaida ya nishati ya kusaga chuma kigumu, juli 50 kwa kila milimita ya ujazo, pasi hii inazalisha kama wati 375. Kinadharia chini ya desilita moja ya naitrojeni kwa dakika ingetosha kuzimeza. Kwa kweli nyingi hupotea hewani, kwa hiyo anza na nusu lita kwa dakika na ushuke polepole kadiri matokeo yanavyoruhusu. Kufunika uso wa milimita 100 kwa hatua za milimita 3 huchukua pasi 34 hivi, dakika moja na kidogo. Tabaka tano pamoja na kupoza bomba hazipaswi kuzidi lita 10.

Sikiliza. Naitrojeni hailainishi, inapoza tu. Jiwe likianza kupiga kelele ya kukwaruza au ampea za mota zikipanda, makali yamekwisha. Ondoa jiwe, simamisha gesi, chonga. Wapo wanaoongeza ukungu mdogo sana wa mafuta ya mimea ili kulainisha. Unafaa, mradi uwe na nozeli yake na ulenge jiwe, kwa sababu ukichanganyika na naitrojeni njiani mafuta yataganda kabla ya kufika.

Vumbi litakushangaza. Hakuna maji ya kulikamata, kwa hiyo chembe za chuma chenye kromu zinaruka kavu. Mdomo wa kinyonyaji uwe upande zinakokimbilia cheche, na barakoa ya vumbi ivaliwe. Ndoo ya kinyonyaji isiwe na mafuta wala vitambaa.

Tabaka mbili za mwisho zipitishe bila kuongeza kina, hadi cheche zife.

Hatua ya 10: Usipime bado

Chuma husinyaa kwa takribani mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Bamba letu la unene wa milimita 50 likishuka kutoka nyuzi 20 hadi 10 chini ya sifuri limepungua mikroni 17, zaidi ya pasi yako nzima. Ukilipima hapo utadhani umelimaliza kumbe bado. Liache lirudi lenyewe kwenye nyuzi 20, joto ambalo vipimo vyote vya kiwandani huhesabiwa. Kulipasha kwa moto ni kuharibu ulichokilipia.

Likiwa linarudi litatoka jasho, hasa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam kwenye unyevu mwingi, na jasho hilo ni kutu ya kesho asubuhi. Lifute na ulipake mafuta ya kusukuma maji. Meza ya sumaku nayo, na njia za mashine.

Hatua ya 11: Kagua chini ya uso

Hapa naitrojeni humnyang'anya fundi ishara yake ya miaka yote. Zile rangi za majani makavu, kahawia na buluu ni utando wa oksidi, na oksidi inahitaji oksijeni. Kwenye wingu la naitrojeni rangi inaweza isitokee hata pale chuma kilipoungua. Bamba jeupe si ushahidi.

Tumia asidi. Changanya asidi ya nitriki kidogo, asilimia 2 hadi 4, ndani ya spiriti safi, ukitia asidi kwenye spiriti taratibu, mbali na moto, ukiwa na glavu na miwani. Usizidishe kiwango hicho, na usihifadhi mchanganyiko kwenye chupa iliyokazwa. Safisha bamba lisibaki na mafuta, lipake sekunde chache, lioshe kwa maji, lisuuze kwa spiriti. Kijivu kilichotulia uso mzima ni kazi nzuri. Mabaka meusi ni mahali ugumu ulipolegea. Madoa meupe yaliyozungukwa na weusi ni mabaya zaidi: hapo chuma kilipashwa hadi kikajitia matiko upya. Ukaguzi wa namna hii una kiwango chake cha kimataifa, ISO 14104, na mteja mkubwa anaweza kukudai ukifuate.

Ukiona meupe, usiongeze naitrojeni. Rudi kwenye jiwe, kisha kwenye kina cha pasi, kisha kwenye mahali nozeli inapoelekea, kwa mfuatano huo.

Hatua ya 12: Kufunga

Ondoa jiwe kwenye kazi, funga vali ya mtungi kwanza, acha kilichomo bombani kitoke chote, ndipo ufunge vali ya nozeli. Jiwe liendelee kuzunguka hadi lirudie joto la chumba. Feni usiizime pamoja na mashine. Iache hadi kihisi kisome kawaida kwa muda.

Mtungi ukae wima mahali penye hewa, vali yake ya usalama ikiwa haijafunikwa na chochote. Utasikia ukipumua mara kwa mara, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kufanya. Ukiusafirisha, ufunge wima nyuma ya pikapu iliyo wazi, usiuweke ndani ya gari mlimokaa. Jengo likiwa na lifti, mtungi upande peke yake, na mtu wa kuupokea awe anasubiri juu.